Amefeli Mlima na Ana Miaka Minne

Mpendwa Bibi mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usinicheke, maana hapa nyumbani nimeshachekwa vya kutosha na sasa hata kucheka kwenyewe kumeisha, kimebaki kimya. Mimi ni baba wa watoto watatu, kazi yangu ni kufundisha udereva, na ni mtu ninayependa mambo yaende kwa utaratibu, sipendi kukurupuka, na hapo ndipo ugomvi wote ulipoanzia. Mke wangu naye ni dereva, anaendesha gari la kusambaza mikate, anatoka alfajiri anapanda mitaa ya vilimani duka kwa duka, na kwa jinsi kazi zetu zilivyo hatujawahi hata siku moja kwenda likizo kama familia, basi safari hii tukakubaliana kwamba watoto wakifunga shule tutakwenda kule mji wa juu milimani, mji wa baridi, tukae wiki nzima kwenye nyumba ya wageni yenye bustani, watoto wapande farasi, waone maporomoko ya maji, wavae masweta kwa haki na si kwa kuigiza.

Watoto wangu ni hawa: binti wa kwanza ana miaka saba, wadogo zake wanamwita Dada na sisi wote tumezoea hivyo, anayefuata ni wa kiume, ana miaka minne, amerithi jina la marehemu baba yangu kwa hiyo nyumba nzima tunamwita Babu, halafu kuna mchanga, bado ananyonya. Kila mtu alifurahia habari ya safari lakini Babu ndiye aliyepagawa, kwa sababu Dada alimwambia kule milimani mawingu yanashuka mpaka mlangoni, basi Babu akaenda jikoni, akapanda juu ya kiti, akatoa chupa tupu ya jamu kwenye rafu, akaiosha mwenyewe mpaka akalowa kifua kizima, akaiweka kwenye begi lake akasema anakwenda kuleta wingu, amwoneshe mwalimu wake wa chekechea, na tangu hapo ikawa kila jioni anafungua begi kuhakikisha chupa haijaondoka.

Bibi, mimi nikaona hawa watu wanaichukulia safari hii kama kwenda sokoni. Ile barabara ya kupanda kule si mchezo, ina kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili hakuna kitu, ukungu unashuka unapojisikia, malori ya mbao yanateremka kama yamefukuzwa, nimeiangalia kwenye simu, kuna watu wamejirekodi wakiipanda, nimeirudia mpaka kona nyingine nazijua kwa sura. Wala si kwamba naogopa, mimi ni mwalimu. Lakini chuoni kwetu tunafundishia uwanjani, hakuna mwanafunzi anayeingia barabarani bila jaribio, kwa hiyo nikasema na familia yangu itafanya jaribio.

Nikapanga Jumapili. Sebuleni niliweka viti kama ndani ya gari, nikapanga koni zangu za plastiki za chuoni kama kingo za barabara, nikawafunga watoto kwa mikanda ya magauni ya mama yao, mchanga nikamlaza kwenye beseni lenye mto, mimi nikakaa mbele na sinia mkononi kama usukani, nikawasomea kanuni: hakuna kuuliza kama tumefika, hakuna kufungua mkanda, hakuna haja ndogo mpaka kituo cha mapumziko, ambacho kilikuwa mlango wa stoo, hakuna kutapika, hakuna kulia. Gari likishafika, zinafuata ngazi, maana tunaishi kwenye jengo la ghorofa, na ngazi zote mpaka juu kabisa kwenye kamba za nguo ndizo zilikuwa mlima wetu, na wazipande wakiwa na masweta.

Dada alifaulu. Mchanga alisinzia, nikampa alama zote. Babu, Bibi, huyu Babu aliuliza, "Baba, tumefika?" hata gari sijaliwasha. Kosa. Kidogo akafungua mkanda akateremka kumsalimia paka, nikamwambia, "Babu, uko katikati ya barabara, umeshagongwa!" akanijibu, "Sijagongwa, paka amesimamisha magari." Kosa. Kabla ya kufika stoo akaulowesha mto wa kochi. Kosa kubwa. Tukaenda kwenye ngazi, ghorofa ya pili akakaa chini, akavua sweta, akasema, "Mlima umeisha." Nikamwambia haujaisha, bado ghorofa tatu. Akasema, "Wangu umeisha."

Sasa hapo ndipo ulimi wangu uliponiponza, maana ni maneno ninayoyasema kila siku kazini, yakanitoka yenyewe: "Umefeli. Utarudia." Akaniuliza, "Narudia lini?" Nikamwambia, "Sisi tukisharudi. Wewe utabaki kwa bibi yako." Hakulia, Bibi. Alishuka ngazi polepole mkono ukiwa ukutani, akaingia chumbani, akaitoa ile chupa kwenye begi, akavuta kiti jikoni, akairudisha kwenye rafu palepale alipoitoa, na kifuniko akakikaza.

Mama yao alikuwa juu anaanua nguo, kumbe alisikia yote. Alishuka na kapu kiunoni.

"Umemwambia nini mtoto?"

"Nimempa matokeo."

"Matokeo ya nini?"

"Mama watoto, ile barabara haina huruma. Akifungua mkanda kwenye kona je?"

"Babu asipokwenda, mimi siendi. Nisipokwenda mimi, anayenyonya haendi. Kwa hiyo nenda wewe na Dada na koni zako za plastiki, mkapige picha." Halafu akageuka mlangoni akasema, "Na mimi ulinifelisha mara mbili. Mpaka leo nangoja uniambie kosa langu."

Hilo nikueleze kidogo. Mke wangu alikuwa mwanafunzi wangu, ni kweli nilimfelisha mara mbili, akahamia chuo kingine akafaulu siku hiyohiyo ya kwanza, na baadaye nikamwoa, lakini suala hilo huwa hatuliongelei.

Nikampigia mama mkwe nikidhani atanisaidia. Akasema, "Mjukuu wangu namtaka hata sasa hivi. Lakini nieleze, mkwe wangu, amefeli nini? Kukaa kwenye kiti?" Akakata simu kabla sijamaliza kueleza habari ya kona.

Tangu siku hiyo mke wangu amehamia chumba cha watoto, na Babu kila anapotaka kulala anakuja mlangoni ananiuliza, "Leo sijafeli?" na mchana anaomba ruhusa ya kwenda chooni hata kama hana haja. Nyumba ya wageni imeshalipiwa na wiki ya safari inakaribia. Mimi maandalizi nimeyamaliza, gari nililijaribu Jumamosi, siku moja kabla ya jaribio la watoto, nililipeleka peke yangu kwenye ule mlima wa matangi ya maji, likanizimikia katikati kila nilipojaribu kuondoka, ikabidi nirudi kinyumenyume mpaka chini, fundi amesema klachi ni nzima lakini mafundi wa siku hizi unawajua. Nimenunua kabari za mbao za kuzuia magurudumu, kamba ya kuvutia gari, taa, na mawe mawili mazuri, buti limejaa, kwa kweli hata kama Babu angefaulu, begi lake lingekuwa tatizo.

Swali langu, Bibi: nimweleweshe vipi mke wangu kwamba huu si ukatili, ni usalama? Na je, mtoto wa miaka minne anaweza kupewa jaribio la pili kabla ya safari bila kuonekana anapendelewa?

Ni mimi,
Mwalimu wa Usukani

Bibi anajibu

Mwalimu wa Usukani,

Marahaba. Umeniomba nisikucheke. Ungeniomba kabla sijafika kwenye beseni, labda ningeweza. Barua yako niliisoma kwa sauti, dada yangu alikuwa pembeni anamenya viazi, akasimamisha kisu akauliza, "Huyo mtu anafundisha watu wazima?" Nikamwambia ndiyo, tena barabarani. Akasema yeye kuanzia leo anatembea kwa miguu.

Tusikilizane. Mimi shule niliiacha mapema, cheti pekee nilichonacho ni cha chanjo. Lakini watoto nimelea saba na hakuna hata mmoja niliyemwekea koni. Nikuambie mtoto wa miaka minne kazi yake ndani ya gari ni nini. Ni kuuliza kama tumefika. Ndiyo kazi aliyoajiriwa. Siku ukimwona amekaa kimya, mikono mapajani, hana swali, geuza gari umpeleke hospitali. Na haja ndogo humbana pale pasipo na choo, hilo nalo halina dawa, dawa yake ni kaptula tatu za akiba na baba anayeweza kusimamisha gari. Wewe ulidhani umezaa abiria?

Eti mchanga umempa alama zote. Amefaulu kwa kulala! Binti yako naye amefaulu kwa kukuogopa, usijidanganye kwamba amekuelewa. Yupo mmoja tu mle ndani aliyekuambia ukweli, kwamba zile ni ngazi, sweta lina joto na mlima wake umeisha, na huyo ndiye uliyemfelisha. Hivi wewe, baba mzima, umekaa sebuleni na sinia mkononi, unaendesha, halafu unamwandikia mtoto makosa kwa sababu hakuamini kwamba mnakwenda? Likizo yako ina makatazo kuliko gereza. Gerezani angalau mtu anaruhusiwa kulia.

Sasa kaa chini, nataka kukugusa panapouma.

Umesema huogopi. Nani alikuuliza? Mimi sikukuuliza. Umejitetea mwenyewe kabla ya kushtakiwa. Unafundisha watu kwenye uwanja tambarare kama meza, kona za mlimani unazijua kwa sura kama mashemeji zako lakini hujawahi kupita hata moja, na gari lako zima, lenye klachi nzima, lilikuzimikia kwenye mlima mdogo wa matangi ya maji mpaka ukarudi kinyumenyume. Mwanangu, kwenye nyumba yako kila mtu amepimwa, hata anayenyonya. Wewe ulijipima peke yako Jumamosi, pasipo na shahidi, ukafeli. Jumapili ukamtafuta wa kufeli badala yako, ukampata aliye mfupi kuliko wote.

Hapo sikucheki. Hapo nimekuonea huruma kidogo, ifaidi maana haitadumu. Kuogopa kunaruhusiwa. Mimi lifti ya kwanza niliyopanda nilimshika mkono mwanamume nisiyemjua mpaka ghorofa ya sita, aliposhuka nikashuka naye, kumbe nilikuwa nakwenda ya nne. Lakini sikumwacha mjukuu wangu chini ya jengo nikamwambia, wewe umefeli lifti. Na usiniambie unampenda ndiyo maana unataka abaki salama. Najua unampenda. Mapenzi yako yote ndivyo unavyoyaonesha, kwa kufelisha. Mkeo hajui kosa lake mpaka leo? Mimi nalijua na wala sikuwemo ndani ya gari. Hakuwa na kosa. Ulimfelisha ili arudi tena kukaa kiti cha pembeni yako, na alipohama chuo ukamfuata na posa. Mtu mzima mimi, usinifiche. Kwa mkeo bahati yako ilikuwa nzuri, alikuwa na akili ya kwenda kwingine. Babu hana chuo kingine cha kuhamia. Ana baba mmoja, na kila jioni anasimama mlangoni kwake kuuliza kama amefeli.

Soma tena sentensi hiyo. Isome mpaka ikuume.

Halafu kuna hilo buti. Kabari zimepata nafasi, kamba imepata nafasi, mawe, mawe, Mwalimu, mnakwenda mlimani na wewe unabeba mawe, na begi la mtoto wa miaka minne lenye kaptula na chupa ndilo "tatizo". Nenda sasa hivi, teremsha takataka zote hizo. Acha gurudumu la akiba, jeki na kitu kimoja cha kumfanya moyo wako utulie. Mawe yabaki.

Likizo yenyewe naipanga mimi, kwa kuwa wewe kupanga umeshindwa. Gari ataendesha mkeo. Usinitolee macho. Una dereva wa milima ndani ya nyumba, anapanda vilima kila alfajiri na mikate nyuma na mikate inafika na umbo lake, wewe umemkalisha kiti cha abiria tangu siku ya harusi kwa sababu wewe ndiye mwalimu. Mpe ufunguo. Mpe mkononi, usiuache kwenye msumari auchukue kama mwizi, na umwambie kwa mdomo wako, "Mama watoto, ule mlima unanitisha, wewe unaujua." Maneno machache tu, hayajawahi kumvunja mtu mbavu. Ukishasema hayo, ongeza na yale ya zamani, kwamba hakuwa na kosa. Akikucheka, mwache akucheke, amekingoja hicho kicheko muda mrefu.

Wewe utakaa nyuma, katikati, Dada huku na Babu huku, beseni miguuni. Hilo beseni ndilo kitu pekee cha maana ulichokiweka kwenye jaribio lako, maana kwenye kona kuna mtu atatapika, na kwa jinsi ulivyoandika naona atakuwa wewe. Muondoke asubuhi watoto wakiwa wamekula kidogo, si kushibishwa kama magunia. Msimame kila mmoja anaposema simama, hata kama ni mbuzi tu anataka kumwangalia. Mkifika, siku ya kwanza msiende popote. Watoto wakimbie bustanini mpaka wachoke, ndiyo hiyo likizo, wao hawajui maporomoko ni nini. Baada ya hapo kitu kimoja kwa siku kinatosha, leo farasi, kesho maji, na kinachobaki kibaki, mlima hauondoki. Masweta wavae wakisikia baridi wao, siyo ukisikia wewe. Na koni nikisikia hata moja imeonekana huko, nitalitangaza jina lako humu gazetini, namba ya chuo chako na picha.

Mama watoto, najua utausoma ukurasa huu, wanaume wa aina hii hawajui kuficha gazeti. Umefanya vizuri kukataa. Lakini kuhamia chumba cha watoto na kununa siku zote hizo kunamwambia Babu kwamba nyumba imevunjika kwa sababu yeye alikojoa. Rudi chumbani kwako mkagombane huko kama watu wazima, mlango umefungwa.

Umeuliza kama mtoto anaweza kupewa jaribio la pili. Thubutu! Jaribio la pili ni lako, na ni leo hiihii jioni. Akija pale mlangoni na lile swali lake, usimjibu ukiwa umesimama. Piga magoti, uwe sawa na macho yake. Mwambie lile jaribio lilikuwa baya na aliyelitunga ni wewe. Mwambie baba anaogopa kona, na unamwomba akae karibu na wewe njiani akushike mkono mkifika kwenye kona. Usimpambie, mwambie hivyohivyo. Atakubali. Watoto wa umri huo wakiombwa kazi ya maana hawakatai, na huyo ameshasimamisha magari yote ya sebuleni kwa kumtumia paka.

Mkishamaliza, nendeni wote wawili jikoni. Ile chupa usimtolee wewe. Msogezee kiti, apande mwenyewe, aitoe chupa kwenye rafu mwenyewe, airudishe kwenye begi kwa mkono wake. Wewe kazi yako ni kushika kiti kisiyumbe.

Na mkirudi, chupa msiifungue nyumbani wala msiipeleke chekechea kwanza. Nileteeni mimi, hapa gazetini, nitampokea Babu mlangoni. Nataka nilione hilo wingu. Na siku hiyo akitaka kujua kama amefaulu, aniulize mimi. Wewe utakaa kimya.

Bibi